Kipande cha Nne na Kumbikumbi wa Ajia

22 Machi, Koboko

Idi imepita, nyama imekwisha, na Mama ameanza kuniuliza nitarudi kazini lini. Maana yake nimeanza kumaliza sukari. Alhamdulillahi, mwaka huu tumefunga sote wazima na tumefungua sote wazima.

Mwalimu Asiku, mwenzangu wa fizikia kule Ajia, amesema kila anayepiga picha za nyota aandike hali ya anga kila jioni. Yeye huandika neno moja tu kwa Kiingereza na kalamu anaiweka chini. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, neno moja halinitoshi. Nitaandika humu, na watu nitawachanganya na mawingu.

Leo Mama ameuliza hiyo kazi ya nyota ni kazi gani. Nikamweleza kwamba shule nyingi za nchi mbalimbali zimegawiwa mbingu. Kila shule imepewa kamera moja na vipande vidogo vya anga, sisi Ajia tumepewa vinne. Tunapiga picha, halafu tunapima mwanga wa kila nyota iliyomo kwa kuilinganisha na nyota ambayo mwanga wake unajulikana tayari. Vipande vyote vikikusanywa itachorwa ramani ya galaksi yetu, ule mkanda mweupe unaokatiza angani pamoja na nyota zote tunazoziona.

"Sasa hii nyota ingine yote, nani atapima?"

"Mama, ukienda mpakani kununua maharage, unamwaga gunia lote chini?"

"Namwaga kwa nini? Nachoma ile chuma yangu. Juu, katikati, chini. Inatoka kidogo, naangalia, najua."

"Basi na sisi tunachoma mbingu."

Akafikiri, mikono ikiendelea kupeta simsim. "Na kama mutu alificha mawe katikati ya gunia?"

Nitamuuliza Asiku.

5 Aprili, Ajia

Pasaka. Kabla ya kuondoka kwenda kwa wakwe zake, Asiku ameniletea kuku wa mchuzi kwenye bakuli lililofunikwa. Nikamuuliza habari ya mawe ndani ya gunia. Akacheka kwa mabega bila sauti, ndivyo anavyocheka. Anasema mawe yapo. Katikati ya nyota kuna vumbi, na nyota iliyo nyuma ya vumbi huonekana hafifu kuliko ilivyo, ukadhani iko mbali sana. Ndiyo maana vipande vimechaguliwa pande zote, ndani ya ule mkanda mweupe na nje yake, ili kimoja kikidanganya vingine viseme kweli.

Mwezi sasa unachelewa kutoka, jioni ni giza. Asiku atakaporudi atanikuta nimeanza. Kuku alikuwa mtamu.

6 Aprili

Uwanja wa shule haufai, taa za sola za ukutani zinaufanya mweupe kama sokoni. Nimezunguka mpaka nikapata mahali. Nyuma ya shule, ng'ambo ya shamba la mihogo, kuna kichuguu kikubwa kunishinda urefu, kigumu kama sakafu, na pembeni yake pamefagiliwa vizuri. Nikachukua jembe nikasawazisha kileleni ili miguu ya kamera isimame. Kulikuwa na matundu matundu, nikayaziba kwa udongo uliolowa nisije nikateleza. Kazi safi. Mwenyewe nilijisifu.

Kipande cha Kwanza kimepigwa jioni hii hii. Nalala na furaha.

7 Aprili

Mvua kubwa mchana. Jioni mawingu.

9 Aprili

Tulikuwa ofisi ya walimu, Asiku ndio kwanza amerudi, akaingia mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha njano kichwani. Hakusalimu.

"Nani alifunga mlango ya onya yangu?"

Onya ni kumbikumbi, hao mchwa wenye mabawa wanaotoka mvua zikishika. Sisi wa Koboko mjini tunawanunua sokoni kwa kikombe, sijawahi hata siku moja kujiuliza wametoka kwa nani. Kumbe huku kila kichuguu kina mwenyewe, kama shamba. Hiki kilikuwa cha baba mkwe wake, kikawa cha mumewe, na tangu mumewe afariki ni cha kwake, yeye Driciru. Na mimi nimepanda juu yake na jembe, nikaziba.

Asiku alishika kichwa kwa mikono miwili. "Madam Hajara, umepanda juu ya nyumba ya mutu, umefunga na mlango."

Niliomba radhi. Driciru alinitazama miguu mpaka kichwa, akasema, "Kuja ufungue." Nikafungua kwa vidole, tundu baada ya tundu, yeye amesimama juu yangu mikono kiunoni, wanafunzi wakichungulia kutoka kwenye mihogo. Kucha zangu hazitamaniki. Asiku akamwombea ruhusa kwa Kilugbara, akakubali kamera ikae chini, pale palipofagiliwa. "Juu, hapana."

Mwanamke ana ulimi wa pilipili. Kosa ni langu, sikatai, lakini angeweza hata kusalimu.

11 Aprili

Mawingu.

12 Aprili

Mvua, halafu mawingu.

14 Aprili

Kipande cha Pili kimekamilika. Nyota zake chache, kwa sababu kiko mbali na ule mkanda mweupe. Asiku amefurahi na uchache wenyewe, anasema gunia halijulikani bila kuchoma pembeni. Nashukuru kwa mwalimu mwenzangu anayefurahia hata uhaba.

17 Aprili

Mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka mchana. Jioni anga likafunguka, sijawahi kuona nyota zimeoshwa namna ile. Asiku anasema hakuna usiku mzuri wa kupima kama wa baada ya mvua, kwa sababu vumbi na moshi vyote vimeshuka na maji. Tukasimamisha kamera mbio mbio.

Mara taa moja. Halafu ya pili kwa jirani, ya tatu, ya tano, mpaka bonde zima limewaka. Kumbikumbi wanaruka, na huvutwa kwa taa. Picha zetu zote zimetoka nyeupe kama uji. Ndipo nikaelewa: jioni inayotufaa sisi ndiyo hiyo hiyo inayowafaa wao, iliyonyeshewa na isiyo na mwezi.

Taa ya Driciru ndiyo iliyokuwa karibu kuliko zote, na ya sola, kali. Mimi nina hakika aliielekeza kwetu. Asiku anasema hapana, aliielekeza kwenye shimo. Haya.

20 Aprili

Kipande cha Tatu kimekamilika, cha kusini, ndani ya mkanda mweupe wenyewe. Nyota zimejaa kama simsim iliyomwagika. Nikamwonyesha Asiku kwa majivuno, nikamwambia kimebaki kimoja tu, cha nne.

Akanishika bega akanigeuza magharibi. Kipande cha nne kiko katikati ya nyota tatu kubwa zinazofanya pembetatu, na pembetatu hiyo ilikuwa imeshaanza kuinama kuelekea Arua, kwenye mwanga wa mji. "Madam, ya nne ndiyo ilitakiwa iwe ya kwanza. Inazama. Ingine ilikuwa inaweza kungoja."

Nilifuata namba. Moja, mbili, tatu, nne, kama ninaita majina darasani. Ninawafundisha watoto "kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua", na Kilimia chenyewe, kile kishada cha nyota, hicho hapo kinazama mbele ya macho yangu, wala sikujiuliza nini kinazama nyuma yake.

Sasa mwezi unakua. Tumebakiwa na giza la mwezi wa tano peke yake. Wa sita kipande chetu kitakuwa kimeingia kwenye machweo. Na waratibu wa mradi wameshaandika kwamba kipande kisicholetwa kitaachwa kitupu kwenye ramani, na kamera ya shule hiyo itapelekwa kwa nyingine inayongoja. Asiku amekuwa akiiombea shule hii kamera tangu kabla mimi sijafika. Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenilaumu.

2 Mei, Koboko

Shule imefungwa. Nimekuja kumwona Mama kwa siku mbili. Nimemweleza yote, pamoja na ya kichuguu, nikategemea anihurumie.

"Ulifunga mlango ya mutu, halafu ulienda kuomba msamaha na mikono tupu?"

"Nilifungua kwa vidole, Mama."

"Vidole iko chakula? Sikukuzaa hivyo, Hajara."

Amenisagia simsim, amejaza chombo mpaka kifuniko hakikai. Nimshukuru Mungu kwa mama anayenitia adabu na umri huu.

5 Mei, Ajia

Nimempelekea Driciru simsim. Alikuwa anamenya mihogo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaonja kwa kidole, akasema mama yangu anajua kukaanga. Hakutabasamu, lakini alinivutia kigoda. Nilipoaga akakijaza chombo changu karanga, maana chombo hakirudi kitupu.

Mlangoni nikamuuliza kumbikumbi wa kile kichuguu wametoka wengi mwaka huu?

"Ya jirani imetoka. Ya Hamuza, jirani ingine, imetoka. Yangu bado." Akaendelea kumenya.

Zile taa za tarehe kumi na saba, kumbe ya kwake ilikuwa inawangoja bure. Sikujua niweke wapi uso wangu.

6 Mei

Mawingu.

7 Mei

Mawingu.

8 Mei

Mvua mpaka asubuhi. Paa linavuja juu ya vitabu, nimehamisha kitanda ili vitabu vikae mahali pake. Asiku amenicheka.

9 Mei

Mawingu. Pembetatu yetu ilichungulia kidogo, ikafunikwa.

10 Mei

Leo nimefanya vibaya na nitaandika kama ilivyokuwa.

Anga lilifunguka jioni, safi kabisa. Kamera imesimama, kipande chetu bado kiko juu ya kutosha. Taa zikaanza. Nilihesabu moyoni siku za giza zilizobaki nikaona zinakwisha, damu ikanipanda, nikaenda moja kwa moja kwenye taa ya Driciru. Sikumsalimu. Nikamwambia azime, na awaambie na wenzake wazime, kwa sababu kazi yetu ni ya dunia nzima na hii ni kazi ya kitoweo.

Alikuwa amepiga magoti kando ya shimo. Alinyanyuka polepole, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Madam, nyota yako mwaka kesho itatoka?"

"Itatoka."

"Mahali ni ile ile?"

"Ile ile."

"Onya yangu mwaka hii haijatoka hata moja. Hii ni mboga ya nyumba yangu mpaka Desemba. Ni ya kupeleka kwa shangazi ya mume wangu, ni ya mgeni akikuja. Nani alifunga mlango?"

Nikarudi kwenye kamera. Asiku alikuwa amesikia kila neno, akajifanya anakaza skrubu. Picha zikatoka uji.

Nimelia, kwanza kwa hasira, halafu kwa haya. Haya ilikaa zaidi.

12 Mei

Asubuhi nimekwenda kwa Driciru na jembe langu. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuchimba." Akalitazama jembe, akanitazama mimi. "Mikono ya chaki," akasema, lakini akanionyesha mahali.

Kazi yenyewe sikuijua. Unachimba shimo chini ya tundu wanapotokea, unalipangia majani ya mgomba ndani ili wateleze wasiweze kupanda. Juu unasimika fito unatandaza blanketi, taa unaiweka pale pale kwenye shimo. Wakitoka wanafuata mwanga, wanatumbukia. Tumechimba mpaka adhuhuri, ananicheka kila ninapopumzika. Nilipomaliza nilimsikia nyuma yangu akisema na jirani kwa Kilugbara, nikasikia jina langu, wakacheka wote, nami nikacheka ingawa sikuelewa.

Jioni mawingu mazito, kamera sikuitoa hata kwenye mfuko. Nilikaa na Driciru chini ya blanketi. Tukangoja. Alikuwa ameacha kunichokoza, na nikajua ana hofu kama niliyokuwa nayo mimi. Halafu akanishika mkono. Kwenye tundu moja, miongoni mwa yale niliyoyaziba na kuyazibua, akatokea mmoja. Akatokea mwingine. Halafu wakamiminika. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa wadudu, jana na leo ndiyo mara ya kwanza, maana na leo asubuhi nimeamka nikimshukuru bado. (Ninaandika tarehe 13, jana nilichoka.)

Halikuwa shimo lililojaa, ila lilitosha kukaanga. Tukala na chumvi. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya kipande cha tatu.

"Hii yote iko juu yetu?"

"Hii ni kidogo tu. Tunaonja, kama unavyoonja mchuzi."

"Na mumebakisha wapi?"

Mawingu yalikuwa yameachia upande mmoja. Nikamwonyesha zile nyota tatu kubwa na giza la katikati yake. Akauliza kama ni hapo tu. Nikamwambia ni hapo tu.

15 Mei

Nimemwambia Asiku kwamba sitawaomba tena wazime taa. Wana msimu mmoja, na nimeshawaharibia wa kutosha. Mvua ikija bila kumbikumbi, vizuri. Wakiruka, basi.

Aliweka kalamu chini. Akasema ameandika maombi ya kamera hiyo mara nyingi mpaka mkuu wa shule akawa anamwita Mwalimu Maombi. Akasema pia kwamba nina haki. "Tumuachie Mungu, Madam." Alikuwa mnyonge, na mimi ndiye niliyefuata namba.

16 Mei

Mvua.

17 Mei

Leo ndiyo ilikuwa jioni ya mwisho. Huko Koboko wanautafuta mwezi wa Mfungo Tatu, Mama amepiga simu kuniambia nami nitazame. Ukishaandama, kuanzia kesho utapanda kila jioni mpaka uikaribie kabisa pembetatu yetu, na mwanga wake utameza nyota zote ndogo.

Mvua ilishuka mchana, ya upepo, ikakoma ghafla alasiri. Saa kumi na mbili anga lote lilikuwa tupu, limeoshwa mpaka chini. Kumbikumbi wa kwanza wakaanza kupita dirishani kwangu. Nilijua. Hapakuwa na mtu Ajia asiyejua.

Tulibeba kamera mpaka kichuguuni. Asiku alisema tupige hivyo hivyo, angalau tuseme tulikuwapo. Giza lilipoingia taa zikawaka, kwa Driciru, kwa Hamuza, zile za ng'ambo ya mihogo, mpaka mlimani kwa watu nisiowajua. Juu ya kila taa kulikuwa na wingu la mabawa. Watoto walikuwa wanapiga kelele za furaha. Nilitazama magharibi, nyota zetu tatu zimesimama pale wazi kabisa, nikasema moyoni, haya, kwaherini.

Saa mbili na kidogo taa ya Driciru ikazimika.

Nilidhani betri imekwisha. Halafu ikazimika ya Hamuza. Halafu ya jirani yake, na ng'ambo, moja moja, kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba akifunga madirisha, mpaka na ile ya mlimani. Giza likatufunika tusione mikono yetu. Watoto wakanyamazishwa. Hapo ndipo nikasikia mabawa. Yalikuwa pande zote, sauti ya karatasi nyingi zinazofunuliwa pamoja, wakitupiga usoni, wakiingia kwenye nywele, wakiruka kwenda zao. Na kila mtu wa bonde lile alikuwa amekaa kando ya shimo lake, akisikia kitoweo chake kinapita.

Sauti ya Driciru ikatoka kwenye kichuguu. "Madam. Hesabu nyota yako. Sisi iko hapa."

Asiku alimjibu kwa Kilugbara. Akanisogezea kamera nibonyeze mimi. Picha ya kwanza. Nilihesabu kwa sauti ili nisipotee, na nilipofika ya tatu nikasikia mtu gizani anahesabu pamoja nami kwa Kilugbara, halafu wawili, halafu wengi, polepole, wakingoja kila mlio wa kamera. Hakuna aliyewasha hata simu. Mzee mmoja alikohoa akaomba radhi. Tulipiga seti nzima, na nyingine ya uhakika, na ile ya nyota ya kulinganishia, nikasema imetosha.

Hakuna aliyewasha mpaka Driciru aliposema. Taa zilipowaka, wingu lilikuwa limepungua sana. Nilichungulia shimo lake, halikufika hata nusu.

Asiku ameniambia siri njiani. Leo asubuhi, baada ya ibada, Driciru alimsubiri mlangoni mwa kanisa akamuuliza hiyo kazi inataka giza kiasi gani. Akamjibu, kama nusu saa hivi. Mchana, kabla mvua haijaanza, akapita kichuguu kwa kichuguu akiwaambia wenyewe.

Sijui nitafanya nini na wema huu. Nimeswali, nimekaa, nimeswali tena.

18 Mei

Picha ni safi. Asiku amepima nyota mpaka macho mekundu. Nilikwenda kwa Driciru asubuhi, nikaambiwa yuko shambani. Mwezi mwembamba jioni, mzuri, na kwa mara ya kwanza mwezi huu sikuuchukia.

21 Mei

Wamejibu. Kipande cha Nne cha Ajia kimepokelewa, ramani haina tundu upande wetu, kamera inabaki. Asiku alisoma mara tatu, akavua miwani, akatoka nje kusimama na mihogo. Nilimwacha.

22 Mei

Nimempelekea Driciru habari, na mkungu wa ndizi, na aibu yangu. Alikuwa anaanika kumbikumbi kwenye mkeka. Mkeka ulikuwa na nafasi nyingi.

Nilimwambia kimepokelewa. Akapiga kigelegele kimoja kifupi. Nikaanza kumshukuru, nikayatazama yale mapengo kwenye mkeka, machozi yakanitoka yenyewe.

"Unalia nini? Mutu alikufa?"

"Waliruka wote, Mama. Mmekaa gizani, mkawaacha wakaenda."

"Wewe ulichimba na mimi," akasema, kana kwamba hilo lilimaliza. Halafu akaacha mkeka, akanivuta mkono.

Tukapita nyuma ya nyumba, mpaka kwenye ukingo wa njia inayokwenda shule. Pale alikuwa amechomeka kijiti ardhini na kuzungushia mawe madogo. Ndani ya mawe ilikuwa ardhi tu.

"Asubuhi ile, baada ya giza, nilipita hapa kwenda shamba," akasema. "Onya mbili ilikuwa inatembea, bawa imekwisha anguka. Mume na bibi. Ikachimba hapa, ikaingia, ikafunga. Ile tunashika, inakwisha kwa sahani. Ile tunaacha, ndiyo inajenga." Akanyoosha kidole kwenye kijiti. "Hii ni yako. Nimekwisha sema kwa watu wote, hakuna mutu atalima hapa."

Nilichutama nikatazama ule udongo. Hakukuwa na kitu cha kuona. Nikamuuliza kitakuwa kichuguu lini, nitakula lini kumbikumbi wangu.

"Ukiwa na mvi."

"Sasa nani ataningojea mpaka niwe na mvi, Mama?"

"Utangoja hapa," akasema, akainama kurudisha jiwe moja mahali pake. "Unakwenda wapi?"

Tukarudi nyumbani kwake, akanipa upande wa mkeka nigeuze. Jioni mawingu.